Bahasha za Upande wa Kushoto

Daktari alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimekaa na gazeti langu, na baada ya kuniamkia akauliza, "Mzee, bado unaziweza ngazi?"

Nilimjibu kwamba ngazi zile nimezipanda miaka thelathini na minne nikiwa nimekumbatia marundo ya karatasi, na kama zimeongezwa baada ya mimi kustaafu, basi aniambie mapema nijiandae.

"Hazijaongezwa," alisema huku akicheka. "Njoo kesho. Kuna karatasi yako nataka uione kwa macho yako."

Mimi nilikuwa mbandikaji katika hebaria. Kwa asiyejua, hebaria ni maktaba ya mimea. Badala ya vitabu, makabati yamejaa karatasi ngumu nyeupe, na juu ya kila karatasi pamebandikwa mmea mmoja uliokaushwa: tawi, majani, ua, tunda kama lipo. Chini upande wa kulia kuna lebo inayosema mmea ulichumwa wapi, lini, na nani. Watu wa mtaani kwetu walikuwa wakiniuliza mbuzi wetu wanakula saa ngapi. Niliingia pale kama mfagiaji, nikasoma shule ya jioni miaka sita, na siku nilipoweza kusoma lebo nzima kwa sauti, jina la Kilatini na yote, Profesa aliyekuwa mkubwa wetu alininyang'anya ufagio akanipa brashi ya gundi. Tangu hapo nikaitwa Mzee Gundi, na wakati huo sikuwa nimefika hata miaka thelathini.

Kesho yake nilipanda ngazi bila kupumzika katikati. Daktari alikuja kazini pale baada ya mimi kuondoka. Ni mwanamke wa umri wa kitinda mimba wangu, mwenye kalamu mbili nyweleni na ya tatu akiitafuta. Alikuwa ameitandaza karatasi mezani chini ya taa. Niliutambua mwandiko wa lebo kabla sijavaa miwani, kwa kuwa ulikuwa wangu. Mmea wenyewe tuliuchuma miaka thelathini na moja iliyopita, kwenye kilima cha mawe, Profesa akichuma na mimi nikibeba kibano, yaani zile mbao mbili zenye mikanda ambazo mmea hubanwa katikati yake ndani ya magazeti mpaka ukauke.

"Profesa aliandika kwamba ni spishi ya kawaida, akaiacha hapo," alisema Daktari. "Alikosea. Nimehangaika nayo miaka miwili. Mmea huu haujawahi kupewa jina na mtu yeyote duniani."

"Hongera, Daktari."

"Subiri, sijamaliza. Nataka niupe jina lako."

Nilishika meza. Sisemi kwamba niliishiwa nguvu. Niliishika tu.

Inafaa nieleze, kwa sababu nilimweleza mke wangu jioni ile na yeye akaelewa. Kila kiumbe chenye uhai, kuanzia ukungu wa kwenye mkate hadi tembo, kina majina mawili. La kwanza ni la jenasi, ndiyo kusema ukoo. La pili ni lake mwenyewe, la spishi. Sisi watu hutanguliza jina la mtu, ukoo ukafuata. Mimea ina adabu zaidi, hutanguliza ukoo. Jenasi zinazofanana hukusanywa katika familia, familia katika oda, na kuendelea juu hivyo hivyo mpaka wote tunakutana. Na jina likishatolewa hufungwa kwenye karatasi moja tu, ambayo huwekwa ndani ya jalada jekundu na kuitwa sampuli ya jina. Ukizuka ubishi miaka mia moja ijayo, watu wataiendea karatasi ile. Jina linasimama juu yake kama nyumba juu ya msingi.

"Kwa hiyo utakuwa jani," alisema mke wangu.

"Si jani. Spishi."

"Linaliwa?"

"Haliliwi."

"Linatibu?"

"Bado haijulikani."

"Basi ni wewe kabisa."

Lakini asubuhi nilimsikia ukutani akimsimulia jirani, na jina la ukoo wangu, lililovalishwa mkia wa Kilatini, alilitamka bila kukosea. Kaka yake, shemeji yangu fundi cherehani, alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni. Mkuu wa hebaria alikuwa ameahidi tafrija ndogo siku makala ya Daktari ya kuutangaza mmea itakapotoka, na shemeji hakutaka niende na koti la kustaafia.

"Nyoosha mkono," alisema. "Shemeji, kuanzia leo ukiugua hatukupeleki hospitali. Tunakumwagilia maji tu."

"Pima, wewe."

"Na watoto wako tuwaiteje? Miche?"

Nilikuwa na furaha, sitaki kuficha. Profesa amepewa mimea minne yenye jina lake. Wageni waliopita kwetu kwa wiki mbili wamepewa. Mbandikaji hapewi. Katika makabati yote yale, majina elfu kwa elfu, hamna hata moja la mtu wa gundi.

Nilimwomba Daktari makala kabla hajaituma. Nilimwambia siwezi kuvaa nguo ambayo sijaiona. Akanipa nakala, kurasa kumi na nne, nikakaa nayo kwenye meza ya kulia chakula nikiwa na kamusi mkono wa kushoto na penseli mkono wa kulia. Nilisoma kama nilivyosoma shule ya jioni, sentensi moja mpaka ieleweke ndipo nyingine. Majani yalielezwa, ua likaelezwa. Daktari aliandika kwamba kwa majani na ua peke yake mmea huu usingetofautishwa na ndugu yake wa kawaida, ila kwa vinyweleo kidogo. Kinachoutenga ni tunda. Tunda lina mabawa matatu membamba, na hakuna mmea mwingine katika jenasi ile wenye tunda la namna hiyo. Tunda lilipatikana ndani ya bahasha iliyobandikwa kwenye karatasi.

Nikafungua ukurasa wa tisa, penye picha ya karatasi yenyewe. Bahasha ilikuwa juu, upande wa kushoto.

Siku ile chini ya taa ya Daktari sikuiona. Nilikuwa nikitazama mwandiko wangu.

Mimea mikavu hupukutika. Ukifungua magazeti ya kibano, vipande huanguka: petali, mbegu, hata matunda. Kilichoanguka mbele ya macho yako unakitia kwenye bahasha ndogo, na bahasha unaibandika papo hapo kwenye karatasi ya mmea huohuo, kulia, juu kidogo ya lebo. Kilichookotwa mezani baadaye, usichojua kimetoka wapi, kinaingia kwenye sinia la bati mwisho wa meza, na ikifika saa ya kufunga kazi, sinia linamwagwa. Ndiyo sheria. Profesa aliniambia siku ya kwanza, akairudia siku ya pili.

Mimi sikuwa nalimwaga.

Karatasi yenye ua bila tunda ilikuwa ikinikera, ilikuwa kama mtu aliyevaa koti zuri akatoka pekupeku. Mwaka wangu wa kwanza wa gundi walikuja wageni kutoka vyuo vya mbali, na Profesa aliinua karatasi yangu moja, yenye jani na ua na tunda, akawaambia, "Tazameni. Kamili." Neno hilo liliniingia. Baada ya hapo, kila lilipobaki tunda kwenye sinia, nililitafutia mwenyewe. Nilitazama rangi, nilitazama ukubwa, nikasema hili bila shaka ni la huyu, nikakunja bahasha. Kwa kuwa karatasi ilikuwa imekwisha kubandikwa, na kulia pamejaa lebo na muhuri, bahasha ya namna hiyo iliingia kushoto. Niliendelea hivyo miaka sita au saba, mpaka zilipoletwa meza mpya na sinia likaondoka na meza za zamani.

Nilikaa na ukurasa wa tisa siku mbili.

"Ukurasa huo una nini?" mke wangu aliuliza siku ya pili. "Unautazama kama umekutukana."

"Tunda si lake."

"Tunda la nani?"

Nikamweleza, na sinia na yote. Alikuwa akikunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Profesa ameshafariki, na hata yeye hakujua. Ni mimi tu."

"Na mimi sasa." Akaweka shati chini. "Hebu nikuulize, maana mimi sikusoma. Mtu akienda huko kilimani kuutafuta mmea huu, ataupata?"

"Atapata ua na majani kwenye mmea mmoja. Tunda atalipata kwenye mmea mwingine. Vyote pamoja hatavipata."

"Atasemaje?"

"Atarudi tena mwaka unaofuata. Watatumwa na wengine. Mwisho wake wataandika kwamba spishi hii imetoweka duniani."

"Ambayo haikuwepo."

"Ambayo haikuwepo."

"Makubwa," alisema. "Watu wazima na shahada zao, wanamlilia marehemu asiyezaliwa. Halafu anaitwa wewe."

Nilimwambia kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Makala ile ndiyo ingempandisha Daktari cheo. Miaka miwili ya kazi ilikuwa ndani yake. Nikisema, nambomolea yeye kwanza kabla sijajibomolea mimi. Labda ni huruma kunyamaza.

"Huruma," alisema mke wangu. "Mimi umeniambia wa kwanza, na sina cheo cha kupanda wala kushuka. Mwenye haki ya kuambiwa kwanza yuko kule juu ya ngazi. Usimfanyie huruma mtu wakati wewe ndiye unayefaidi."

Nilienda siku iliyofuata. Safari hii nilipumzika katikati ya ngazi, tena mara mbili.

Daktari alikuwa na mchoro mpya mezani, tunda lenye mabawa matatu limechorwa kwa wino kubwa kama ngumi, kila mshipa mahali pake. Alinivutia kiti. Sikukaa, kwa kuwa nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Daktari, tunda la kwenye bahasha usilitegemee."

"Limeharibika?"

"Halikutoka kwenye mmea ule."

"Umejuaje?"

"Nililiweka mimi."

Akatabasamu. "Mzee, kila kitu kwenye karatasi ile umekiweka wewe. Ndiyo kazi yako."

"Hili nililitoa kwenye sinia."

Mwanafunzi yeyote aliyepita hebaria yoyote anajua sinia ni nini. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni likiwa halina kazi. Aliniuliza nina hakika gani. Nikamwonyesha bahasha ilivyokaa kushoto, nikamweleza kwa nini.

"Labda siku hizo hukuelezwa vizuri," alisema polepole. "Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwenye ufagio."

Ulikuwa mlango, na alikuwa ameushikilia wazi ili nipite nikitaka. Mfagiaji masikini asiyejua sayansi. Nisingepoteza kitu isipokuwa shule ya jioni, miaka sita.

"Nilielezwa vizuri sana," nilisema. "Mara mbili. Nipe dakika chache."

Nilikwenda kwenye makabati. Mimea hupewa namba kwa mfuatano ilivyochumwa, kwa hiyo mimea ya siku moja hufuatana kwa namba hata kama familia zake zimetawanyika jengo zima. Daftari la Profesa la safari lilikuwa mahali pake. Siku ile ya kilima cha mawe, namba mbili kabla ya mmea wetu, alichuma mmea unaotambaa, wa familia nyingine kabisa. Niliupata orofa ya chini, kabati la tatu kutoka dirishani. Matunda yake yalikuwa na mabawa matatu, na kwenye kishada kimoja palikuwa na kikonyo kitupu.

Daktari aliyaweka matunda mawili chini ya hadubini, moja kutoka kila karatasi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni lilelile," alisema.

Nikalifunga daftari la Profesa.

"Nilijiuliza mwenyewe, tunda hili la ajabu limefikaje kwenye jenasi hii. Nikaona ndiyo uzuri wake." Akauvuta mchoro karibu, akaugeuza kifudifudi. "Nimechora mabawa haya mara kumi na moja, Mzee. Mara kumi na moja."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ziko ngapi?"

"Nini?"

"Karatasi za namna hii. Ziko ngapi humu ndani?"

Hilo nililiogopa kuliko yote, na tangu niliposhuka kitandani nilikuwa nikilipiga chenga. "Za miaka ya mwanzo tu. Zenye bahasha kushoto. Mia mbili. Huenda mia nne."

"Watu wametumia karatasi hizi! Wamepima matunda haya, wameandika vitabu." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Kwa nini? Hukupata chochote."

"Nilitaka zipendeze."

Aliiweka makala kwenye saraka akaifunga. "Nenda nyumbani, Mzee," alisema, wala hakusema kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali.

Shemeji alikuwa amemaliza koti. Aliniita dukani kwake nikalijaribu, wateja wawili wakitazama, akaniuliza tafrija lini. Nikamwambia mbele yao kwamba hakuna tafrija kwa sababu hakuna mmea, na hakuna mmea kwa sababu ya mkono wangu. Shemeji alinyamaza, na shemeji akinyamaza jua kuna msiba. Kisha akanirekebisha kola.

"Livae tu," alisema. "Koti halina jenasi."

Zilipita siku tisa. Sikusoma kitu, hata gazeti. Niliwaza jinsi mtu anavyoweza kuharibu kwa unadhifu. Niliwaza pia, na hili linanikera mpaka leo, kwamba kwa miaka yote ile nilidhani ninazipa karatasi zile kile zilichokosa, kumbe nilikuwa nazinyima. Karatasi yenye ua bila tunda inasema kweli: siku ile, kilimani, mmea huu ulikuwa na ua, tunda lilikuwa bado. Hiyo nayo ni habari. Mimi niliifuta habari hiyo nikaweka pambo.

Simu ilipolia, Daktari hakuuliza habari za ngazi. "Jumatatu saa mbili," alisema. "Njoo na miwani yako ya kusomea."

Alikuwa amenitengea meza karibu na dirisha, taa, kibanio kidogo cha kushikia vipande, na rundo la vikaratasi vyembamba. Mawazo yakibadilika kuhusu mmea, kwenye hebaria hatufuti kitu. Kinabandikwa kikaratasi kidogo kinachosema nani ameona nini, tarehe fulani. Karatasi ya zamani inaweza kuwa na vikaratasi vitano vinavyopingana kwa heshima. Kazi yangu ilikuwa kupita kabati kwa kabati, kutoa kila karatasi ya miaka ile yenye bahasha kushoto, kufungua daftari la safari, kutafuta tunda limetoka kwa nani, na kuandika.

Nimekuwa nikienda Jumatatu na Alhamisi, huu ni mwezi wa nne. Daktari huzungumza nami mambo ya kazi tu. Wakati wa chai huniletea kikombe, hukiweka mbali na karatasi, huondoka. Ameanza makala nyingine, juu ya vinyweleo, itakuwa ndogo. Mengi ya matunda nimeyarudisha kwao. Mengine, nashukuru, yalikuwa mahali pake kwa bahati.

Alhamisi iliyopita nilikwama. Kichaka cha kawaida, bahasha kushoto, ndani tunda moja dogo jeusi. Siku ile Profesa alichuma mimea mitatu yenye tunda kama hilo, na kichaka chenyewe kilikuwa mmojawapo. Nilivipima vikonyo. Nilitumia hadubini. Niliitafuta siku ile kichwani, meza ile, mkono wangu ukielekea kwenye sinia, sikuupata. Kufikia saa tano nilikuwa na sentensi nzuri tayari, yenye "huenda" na "kwa kadiri ya ushahidi uliopo", sentensi ambayo Profesa angeitia saini yake bila haya.

Daktari alipita na kikombe cha chai, akasimama. "Hiyo vipi?"

"Naitafutia maneno."

"Unajua limetoka wapi?"

"Hapana."

"Basi maneno ya nini, Mzee?" akasema, akaenda zake.

Niliikunja ile sentensi nzuri nikaitupa. Nikachukua kikaratasi kipya, nikaandika tarehe, na chini yake: "Tunda hili liliwekwa nami. Sijui kama ni la mmea huu." Nilingoja wino ukauke, nikatia saini. Kisha nikapaka gundi, nikabandika, nikavuta karatasi iliyofuata.